Blanketi la Wakwe

Watu wanaosema Afrika hakuna baridi hawajawahi kusimama Randburg asubuhi ya mwezi wa saba. Baridi ya huku haina haya. Hupita chini ya mlango, ikaingia kwenye soksi, ikakaa mfupani kama mgeni asiyejua kuaga. Ukipita mjini mwezi huo huwezi kujua nani Mzulu, nani Mkongo, nani Mkenya. Wote ni jaketi jeusi la kuvimba, kofia ya sufu na pua inayotiririka.

Léocadie alilichukia jaketi hilo kwa moyo wake wote. Alikuwa fundi cherehani, mzaliwa wa Bukavu, na kwa miaka kumi na minane alikuwa na chumba chake cha kushonea juu ya saluni, hatua chache kutoka stendi ya teksi. Alikuwa fundi hodari na alilijua hilo. Hakungoja mtu amwambie. Mteja akijitazama kwenye kioo na kusema, "Asante mama, imenikaa," yeye alijibu, "Ningeshangaa isikukae." Wengine walimwita mwenye majivuno. Walimwita hivyo wakiwa wamevaa nguo alizowashonea yeye.

Kwa hiyo Moraa alipopanda ngazi zile wiki mbili kabla ya harusi ya binti yake, alijua anapanda kwenda kwa nani. Moraa alikuwa Mkenya wa Kisii, meneja katika benki moja hapo Randburg, mwanamke wa viatu vya kisigino na simu isiyonyamaza. Mkononi alibeba mfuko mkubwa, na ndani yake mlikuwa na shida.

"Mama Carmel, nisaidie," alisema, maana Carmel ndiye binti wa kwanza wa Léocadie. "Mwaka jana tulienda harusi hapa hapa Joburg, tukavaa vitenge vizuri sana. Baridi ikatushika, kila mtu akatupa jaketi juu. Kwa picha tunakaa kama magunia ya makaa."

"Niliona ile picha," alisema Léocadie. "Nililia."

Safari hii harusi ilikuwa ya Lorraine, mtoto wa pekee wa Moraa. Alikuwa anaolewa na Tefo, kijana wa Kisotho, na sherehe ya kumkabidhi bibi harusi ilikuwa ifanyike nyumbani kwa mama yake Tefo, Diepsloot, uani, chini ya hema, saa tatu asubuhi. Wanawake wanane wa upande wa Moraa walikuwa na sare yao ya kitenge, nyekundu kwa njano, na Léocadie alikwisha kuishona. Hiyo haikuwa shida. Shida ilikuwa blanketi.

Moraa alilitoa mfukoni. Lilikuwa blanketi la Kisotho, sufu nzito, rangi ya kahawia, limechorwa masuke ya mahindi ya rangi ya dhahabu, na mistari minne myeusi imelikata kutoka ukingo hadi ukingo. Siku ya mahari, mama yake Tefo alisimama mbele ya watu wote, akamfunika Moraa mabegani kwa mikono yake mwenyewe. Jina lake lilikuwa Disebo, ila kila mtu alimwita Mme Disebo, maana Mme ndiyo heshima ya mama kwa Kisotho. Alisema maneno machache na Tefo akayatafsiri: siku ya harusi uje umevaa hili.

"Sasa nikijifunika hii, kitenge haionekani," alisema Moraa. "Nikivaa kitenge peke yake, nitakufa baridi, na wakwe waulize zawadi yao iko wapi. Nifanye nini?"

Léocadie alilitandaza juu ya meza. Alilipapasa, akalinusa, akalipima uzito kwa kiganja. Macho yake yalikwisha kuanza kukata kabla ya mkasi.

"Niachie. Nitakutengenezea koti. Inje blanketi, ndani kitenge ya sare yenu. Utakuwa na joto na utaonekana mutu."

"Kukata?" Moraa alishtuka kidogo. "Si tungeuliza kwanza?"

"Tuulize nani? Kitu ukishapewa iko yako. Mama Lorraine, weye unajua kazi ya benki. Mi najua kazi ya mukasi."

Moraa aliongoza watu thelathini kazini, lakini mbele ya fundi anayejiamini hata meneja hunywea. Aliliacha blanketi, akashuka ngazi na simu yake.

Ujuzi ndio uliomponza Léocadie. Asingejua kitu angeuliza, na angeuliza angeambiwa. Lakini yeye alijua, na kwao Bukavu kitenge chenye pindo kina sheria isiyojadiliwa: pindo huenda chini. Huzunguka ukingo wa sketi na ukingo wa mikono, likakaa pale kama msingi wa nyumba. Fundi akithubutu kulipandisha juu, wanawake wa soko la Kadutu watamcheka mpaka ahame mtaa. Alipoiona ile mistari minne hakufikiri mara mbili. Pindo hilo, alisema moyoni, na akalizungusha chini ya koti.

Koti lilikwisha Jumanne ya wiki ya harusi. Lilikuwa refu, la kufika kifundo cha mguu, limenyooka bila kubanwa kiuno ili sufu ianguke yenyewe. Vifungo vya pembe alivipata Fordsburg baada ya kuingia maduka manne na kugombana na watu watatu. Ukilifungua, kitenge chekundu kilichomoza ndani, na ukilifunga, mistari minne ilikuzunguka miguuni. Léocadie alilivika sanamu la kushonea, akarudi nyuma hatua tatu, akajipongeza kwa sauti.

Jumatano asubuhi alikuja mumewe, Pacifique, akitoka zamu. Alikuwa mlinzi wa geti kwenye nyumba za kupanga upande wa pili wa barabara kuu, na kila akitoka kazini alipitia kwa mkewe kunywa chai. Aliingia akisugua mikono, akaliona koti, na mikono ikasimama.

"Mama Carmel," alisema polepole. "Hii umeilalisha."

"Nimelalisha nini?"

"Mistari. Ya blanketi yao inasimama. Haifai kulala."

Akaeleza. Getini alifanya kazi na mzee wa Kisotho, Ntate Molefi, aliyekuja kazini kila msimu wa baridi amejifunga blanketi lake. Mwaka wa kwanza mzee alimwazima Pacifique blanketi la pili, naye akajizungushia ovyo, mistari ikimkata tumbo. Mzee aliinuka kwenye kiti akamvua. Mistari husimama wima mwilini, alimwambia, kama hindi shambani, ili mtu akue na mambo yake yakue. Ukiilaza unajilaza wewe mwenyewe, na watoto wako, na mali yako.

"Na kukata?" aliuliza Léocadie. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Kukata sikuwahi kumuuliza. Sikufikiri kuna mutu atakata."

Léocadie alikaa. Kwanza alikasirika, maana hasira ndiyo iliyokuwa karibu: kwa nini hawakuandika, kwa nini hawakusema, nani anaweka pindo halafu analiita si pindo? Pacifique alikunywa chai yake. Miaka ishirini na saba ya ndoa ilimfundisha kungoja. Hasira ilipokwisha, aibu ikakaa mahali pake. Alimwona Moraa akiingia chini ya lile hema, mbele ya ukoo mzima wa Tefo, amevaa zawadi yao imekatwa na imelazwa. Ingekuwa kama kuwaambia wakwe: mtoto wangu asikue kwenu. Na Lorraine angebeba hilo kila Krismasi, kila msiba, maisha yake yote.

Moraa alikuja saa ya chakula cha mchana, akasikia, akashika ukuta.

"Woi, Mama Carmel! Umenimaliza!" Kisha umeneja ukamrudia. "Sikiza. Natafuta ingine mjini, sawasawa na hii. Naivaa mabegani, hii tunaichoma. Hakuna mtu atajua."

Kusema kweli, wazo hilo lilimvutia Léocadie. Lilimvutia kwa muda wa kutosha kuona aibu nyingine juu ya ile ya kwanza.

"Hapana," alisema. "Utaenda kumuvalia mwenzako uongo siku ya mutoto wako? Na siku akikuja kwako, aone ile yake haiko? Mukasi ni yangu. Kesho naenda Diepsloot mi mwenyewe, namwambia."

"Na akikataa harusi?"

"Basi atakataa mbele yangu. Si mbele ya watu."

Moraa alichukua simu yake. Macho yalimjaa machozi, na akaondoka bila kusema ndiyo wala hapana, na kwa Moraa hiyo ilikuwa ndiyo.

Alhamisi Léocadie alivaa kitenge chake cha kanisani, akafunga kilemba, na juu akavaa sweta mbili, maana ukweli hausemwi ukiwa unatetemeka. Pacifique alikwenda naye kutafsiri. Kisotho alikiokota getini, nacho kilimtosha. Nyumba ya Mme Disebo ilikuwa ndogo, imefagiliwa mpaka mchanga wa uani una mistari ya ufagio, na mabomba ya hema yalikwisha kulazwa ukutani. Yeye mwenyewe alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa miaka sabini hivi. Aliwapa viti na chai, akangoja.

Léocadie alilitoa koti, akaliweka mapajani mwa mwenye zawadi.

Mme Disebo alilifungua, akaligeuza, akafuata mstari wa chini kwa kidole kutoka mbele mpaka nyuma mpaka mbele tena.

"Nani amekata?" aliuliza mwishowe.

"Mimi."

"Ulimuuliza nani?"

"Sikuuliza mutu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu najua kazi."

Pacifique alisita. Alimtazama mkewe akitaka jibu jingine, lenye chumvi kidogo.

"Tafsiri vile nimesema," alisema Léocadie.

Alitafsiri. Mme Disebo aliinua macho, akamwangalia mwanamke huyu mnene mwenye kilemba na sweta mbili, kisha akasema jambo fupi kwa uso mkavu. Pacifique alicheka kabla ya kulitafsiri, bila kutaka.

"Anasema, mutu anayejua kazi akiharibu, anaharibu vizuri."

Léocadie hakucheka. Machozi yalikuwa karibu sana. Alisema anaomba radhi, kwamba Moraa hana kosa, kwamba kwao mistari ya namna ile hukaa chini na hakujua ya huku husimama. Alisema akitaka kukasirika amkasirikie fundi, asimkasirikie mama wa bibi harusi. Mme Disebo alisikiliza, lakini vidole vyake vilikuwa vimeanza kutembea kwenye mishono, kwapani, begani, kwenye mkunjo wa ndani, mahali ambapo mteja hatazami kamwe na fundi hutazama kwanza. Vilipofika kwenye kola vikasimama.

"Kola hii mbaya," alisema.

Pacifique alitafsiri kwa woga. Kilemba cha Léocadie kiliinuka chenyewe.

"Mbaya namna gani?"

"Haikai. Safu ya chini umeikata sawa na ya juu. Ya chini inatakiwa iwe ndogo kidogo, ndipo ya juu iikumbatie." Mme Disebo aliukunja ukingo, akaonyesha. Alisema alikuwa kiwandani miaka ishirini na sita, mjini, kwenye mashine ya kola. Mbele yake alikaa wa mikono, nyuma yake wa vifungo, naye akashona kola, kola tu, kola za watu asiowajua, mpaka kiwanda kilipofungwa. Koti zima hajawahi kushona hata moja.

Kisha akamrudishia Léocadie koti. "Blanketi halikatwi," alisema. "Lakini limekatwa, na halitaungana kwa kulia. Ulilolilaza utalisimamisha. Kesho nitakuja dukani kwako asubuhi, na usiliguse bila mimi."

Ijumaa Mme Disebo alikuwa mlangoni kabla ya mwenye funguo. Walifumua pamoja, kila mmoja na wembe wake, na mishono iliyochukua wiki ikafunguka asubuhi moja. Hapo kunyooka kwa lile koti kukawaokoa: vipande vya mwili vilikuwa karibu mistatili mitupu, na mstatili unaweza kugeuzwa. Walivigeuza, mistari ikasimama. Lakini upana ulipokuwa urefu, koti likafupika mpaka magotini, na mikato ya zamani ya shingo na kwapa ikaangukia ubavuni; walipoiondoa likafunguka pengo la viganja viwili.

Léocadie alilitazama pengo, kisha akatazama vipande vya kitenge cha sare vilivyobaki kwenye kikapu. Mme Disebo alitazama kikapu kile kile. Hakuna aliyehitaji Pacifique. Kitenge kilikwenda ubavuni pande zote mbili, chekundu kati ya kahawia, kutoka kwapa hadi ukingo.

Walipofika kwenye kola, Léocadie alichukua mkasi kwa mazoea. Mme Disebo alinyoosha mkono. Walitazamana. Kwa mara ya kwanza tangu afungue chumba kile, Léocadie alimwachia mtu mwingine mkasi wake, akamwachia na kiti cha mashine, akasimama pembeni akiangalia mikono mikavu ile ikishona kola ambayo yeye, na ilimuuma kukiri, hangeiweza.

Jumamosi barafu nyembamba ilikuwa bado juu ya majani uani Diepsloot wakati Wakenya walipofika. Wanane walishuka kwenye basi dogo wakiimba, vitenge vyao vimewaka, na chini ya vitenge suruali za sufu ambazo hakuna aliyeziona. Moraa alitangulia. Mistari minne ilipanda mwilini mwake kutoka magotini hadi mabegani, mahindi ya dhahabu yakasimama, sketi ya kitenge ikachezea chini, na kola ikamkumbatia shingo. Alitembea kama mwanamke anayejua amevaa nini. Lorraine, aliyefika kwa gari la nyuma, alipomwona mama yake alisahau gauni lake mwenyewe, akapiga makofi.

Léocadie alikaa nyuma ya hema pamoja na Pacifique, mikono kwapani. Aliona watu wakigeuka. Aliona pia shangazi mkubwa wa Tefo, dada wa marehemu baba yake, akisimama kwa fimbo na kuwaendea wageni. Shangazi kwao ni mtu mzito, na wimbo ulikatika. Alimzunguka Moraa, akapapasa sufu, akapapasa kitenge cha ubavuni, akafuata mstari uliosimama mpaka begani. Kisha akaugeukia umati.

"Anauliza nani aliweka mukasi kwenye blanketi," alinong'ona Pacifique.

Moraa alikodoa macho nyuma, akimtafuta fundi wake. Léocadie alikwisha kujua kwamba swali hilo litakuja, na alikwisha kuamua. Aliweka chini kikombe, akashika kiti cha mbele, akaanza kunyanyuka.

Mme Disebo alimtangulia. Alikuwa amekaa mbele kabisa, mahali pa mama wa bwana harusi, na aliposimama alikuwa mrefu kuliko wote. Alisema kwa sauti ya mtu aliyezoea kusema juu ya kelele za mashine.

"Nini?" aliuliza Léocadie. "Anasema nini?"

"Anasema ni yeye." Pacifique alimsogelea sikioni. "Mgeni wake alikuwa na baridi, akamkatia. Blanketi lilikuwa lake, mukasi wake. Anasema ameshona yeye."

"Kola?"

"Lote, Mama Carmel. Anasema koti zima."

Shangazi aliinua fimbo, akaishusha. Nani angemkemea mama wa bwana harusi uani kwake, kwa blanketi alilolinunua mwenyewe? Aliivuta kola kidogo, akaona inavyokaa, akaitikia kwa kichwa kwa heshima ambayo hakutaka kuitoa. Wanawake wa ukoo walisogea wakaanza kushika, kuuliza, kumsifu Mme Disebo, naye akawa anawaonyesha mfuko, kifungo, bitana, mkono ulivyoingizwa begani, bila kuruka kitu, uso wake umefunguka kama wa msichana.

Pacifique alimshika mkewe kiwiko. Alimjua. Mwanamke huyu aliwahi kusimamisha ibada kwa sababu mtu alisema gauni la mke wa mchungaji limetoka dukani.

"Mama Carmel, tafadhali. Usiseme kitu."

Léocadie alikuwa amesimama tayari. Machozi yalimshuka hadharani na hakuyafuta. Aliangalia mbele, kwa yule mzee aliyekuwa akiwafungulia wenzake koti lake la kwanza, akajaza hewa kifuani, akapiga kigelegele cha kwanza cha siku ile, kirefu, cha Bukavu kabisa, na Wakenya wanane wakampokea.